Paka mweusi aliyekaa kwenye boksi miaka 100: kisa cha Kitty-in-Boots

Wengi mnamjua Beatrix Potter, yule mwandishi na mchoraji Mwingereza, kwa sungura wa koti la bluu, Peter Rabbit, tu, na sio kosa lenu, ndo kazi iliyompa jina. Mi kisa chake kinachoninyima usingizi ni cha paka. Paka jike, mweusi, anaitwa Kitty, mchana ametulia kwa bibi mmoja mwema anayemlea, usiku anavaa koti la kiume la kuwindia na buti zake, anachukua bunduki ya upepo anatokomea porini. Nyumbani anamwacha paka mwingine mweusi kama yeye, anaitwa Winkiepeeps, ili bibi asishtuke. Hadithi hii Potter aliiandika 1914 ila kitabu kimetoka Septemba 2016, mwenyewe keshafariki tangu Desemba 1943. Yani miaka 102 toka kalamu mpaka duka la vitabu. Sasa swali langu, kilitokea nini hapo katikati? Manake majibu yanayozunguka ni mepesi mno, "ilipotea", "walimkatalia", "vita ilianza", na ukikaa ukazisoma karatasi zenyewe pamoja na barua unaona hakuna hata jibu moja kati ya hayo linalobeba kisa kizima.

Tuanze na ilivyopatikana. Jo Hanks, wa upande wa vitabu vya watoto kule Penguin Random House (wao ndo wanaimiliki Frederick Warne, kampuni iliyokuwa inamchapishia Potter), alikuwa anasoma kitabu cha zamani kuhusu maandishi ya Potter, kitabu ambacho kilishaacha kuchapwa, humo akakutana na barua ya Potter kwa mchapishaji wake ya 1914. Kwenye hiyo barua Potter anaitambulisha hadithi mpya, anamtaja paka wake kuwa ni mweusi, mwenye tabia nzuri, ila anaishi maisha mawili. Hanks akashtuka, mbona hiyo hadithi siijui? Akaenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya makumbusho ya Victoria and Albert, kwa kifupi V&A, London, na huko akakuta maandishi matatu ya hadithi hiyohiyo. Mawili yameandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya watoto wa shule, la tatu limeshapangwa kwa herufi za chapa na kubandikwa kwenye kitabu cha mfano. Pembeni kuna picha moja ya rangi ya Kitty ambayo haijakamilika vizuri, na mchoro wa penseli wa Mr Tod, yule mbweha mbaya wa vitabu vyake vingine. Basi, hiyo ndo mali yote.

Magazeti yakaandika "imegunduliwa". Hapa naomba niwatetee watu wa nyaraka kidogo manake hili neno huwa linawauma. Zile karatasi zilikuwa kwenye hifadhi inayojulikana, ya makumbusho makubwa, na kuna mtu alishakaa akazisafisha, akazipanga, akaziweka mahali pake. Kilichokosekana ni mtu wa kuja kuziuliza. Na aliyekuja kuuliza hakuongozwa na daftari, aliongozwa na barua. Tuliache hapo kwanza, tutalirudia.

Sasa tuzisome zile karatasi kama mpelelezi. Daftari la kwanza na la pili zinakwambia hadithi iliandikwa, kisha ikaandikwa tena, kwahiyo haikuwa wazo la siku moja la kujifurahisha. Ile ya tatu ndo inayosema mengi. Potter alikuwa na utaratibu wake, alikuwa anatengeneza kitabu kidogo cha mfano, anakata maneno anayabandika kurasa kwa kurasa, anaacha nafasi ya picha au anachora harakaharaka kwa penseli, ili aone msomaji akifunua ukurasa atakutana na nini. Kwake picha na maneno havikuwa vitu viwili. Sasa kama maneno ya Kitty yalishapangwa kwa herufi za chapa na yamekaa kwenye kitabu cha mfano, maana yake kazi ilishatoka kwenye hatua ya "nina wazo" ikaingia hatua ya "tunatengeneza". Hakuna anayejisumbua kupanga herufi, tena enzi hizo, za hadithi isiyo na mwelekeo wowote.

Kwahiyo maneno yalikuwepo tena yamepita. Kilichobaki ni picha. Na picha iliyopo ni moja! Kitabu cha Potter bila picha si kitabu, hata yeye asingekubali. Kwa hesabu yangu basi Kitty aliishia mezani kwenye rangi, hakuishia ofisini kwa mhariri.

Najua mtu atasema, labda mchapishaji hakuipenda ndo akavunjika moyo. Haya, twende kwenye barua za nyuma tuone kama huyu mama alikuwa mtu wa kuvunjwa moyo na mchapishaji.

Tarehe 4 Septemba 1893 Potter yuko Dunkeld, Scotland, ana miaka 27, anamwandikia barua Noel Moore, mtoto wa miaka 5 ambaye anaumwa. Mama yake Noel, Annie, aliwahi kuwa mwalimu wake wa nyumbani. Hana la kumwambia mtoto mgonjwa kwahiyo anamwambia hivyohivyo kuwa sijui nikuandikie nini, basi nakusimulia hadithi ya sungura wanne, na anachora katikati ya maandishi. Kesho yake anamwandikia mdogo wake Noel, Eric, hiyo ikawa ya chura anayevua samaki. Miaka 7 ikapita. Mama yao ndo akamwambia mbona hizi barua zinaweza kuwa vitabu, na bahati nzuri Noel alikuwa bado anayo ya kwake. Hebu fikiria, kampuni nzima na mamilioni ya vitabu vimesimama juu ya mtoto mmoja ambaye hakutupa barua. Potter akaiazima, akainakili, akairefusha, akaipeleka kwa wachapishaji. Wakakataa, angalau sita.

Na tatizo halikuwa hadithi tu, kulikuwa na ugomvi wa ukubwa na bei. Kuna barua ya Machi 1900 kwa Marjorie, dada yao hao watoto, Potter anamchorea jinsi anavyobishana na mchapishaji. Mchapishaji anataka kitabu kikubwa cha shilingi 6, yeye anataka vidogo viwili vitatu vya shilingi moja moja, kwa sababu, anamweleza mtoto, sungura wadogo hawana uwezo wa kutoa shilingi 6 kwa kitabu kimoja na hawatanunua. Isome hiyo kama barua ya biashara uone. Ni mkakati kamili wa soko, msomaji wangu ni nani, mfukoni ana nini, mkono wake una ukubwa gani, ila umeandikwa kwa mtoto na umechorwa juu. Ungekuwa unapanga nyaraka zake ukaiweka kwenye folda ya "barua za familia", mtu anayechunguza historia ya biashara ya vitabu asingeiona maisha.

Alipokataliwa alifanyaje? Alitoa hela yake mwenyewe akachapa nakala 250 za The Tale of Peter Rabbit, Desemba 1901. Zikaisha, Februari 1902 akachapa zingine 200. Warne ambao nao walikuwa wamesita ndo wakarudi wakasema sawa, ila picha zote ziwe za rangi na zipungue. Akakubali. Oktoba 1902 ikatoka, toleo la kwanza la nakala 8,000 lilishanunuliwa lote kabla siku ya kutoka haijafika. Unadhani alitulia? Mwaka huohuo akachapa tena kwa hela yake nakala 500 za The Tailor of Gloucester, manake alijua Warne watataka kukata zile nyimbo nyingi alizoweka ndani. Na kweli ya Warne ilipotoka 1903 nyimbo zilipunguzwa.

Kuna barua moja ya 1902 naipenda sana, wanajadili mkataba, anawaandikia Warne kuwaomba radhi kabla, baba yangu aliwahi kuwa wakili, akilazimisha kuja kwenye mambo ya makubaliano msimjali sana akisumbua, ila mimi nina miaka 36 naweza kufanya ninachotaka na kitabu changu. (Alikuwa na 35 bado, hiyo 36 ilikuwa miezi miwili mbele. Unaona mtu alivyokuwa na haraka ya kuwa mtu mzima.)

Huyo ndo mtu tunayeambiwa 1914 mhariri alinuna kidogo akaacha hadithi? Hapana bwana. Angeitaka kweli angechapa mwenyewe, alishafanya mara mbili, na sasa alikuwa na hela kuliko 1901.

Kwahiyo tuangalie 1914 yenyewe ilikuwaje kwake. Oktoba 1913 ameolewa na William Heelis, wakili wa kule Lake District, ana miaka 47. Mwezi huohuo kimetoka The Tale of Pigling Bland. Mei 1914 baba yake anafariki, mama yupo London na anahitaji kuangaliwa. Agosti vita kuu inaanza. Na katikati ya yote hayo ana shamba, toka 1905 aliponunua Hill Top, mifugo haijui kama una kitabu cha kumaliza. Macho nayo yalishaanza kumsumbua, na picha zake ni zile ndogondogo za nywele moja moja za manyoya. Kuandika hadithi unaweza kuandika usiku kwenye daftari la shule. Kupaka rangi za namna ile unataka mchana mweupe na masaa yasiyoingiliwa, vitu ambavyo mke wa mtu mwenye shamba na mama mzee hana.

Halafu kuna suala la imani, na hili ndo huwa linarukwa. Mhariri wake wa kwanza pale Warne alikuwa Norman Warne. Waliandikiana miaka, barua zinaanza kiofisi kabisa, "Dear Mr Warne", ni mambo ya saizi ya picha na rangi, lakini humohumo mapenzi yakaota, mpaka Julai 1905 akamposa. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 25, Norman akafariki. Baada yake barua zikawa zinaenda kwa kaka yake, Harold. Na ukifuata barua kwa Harold miaka inavyosogea unaona sauti inabadilika, inaanza kuwa "hesabu zangu ziko wapi", mrabaha unachelewa, taarifa haziji, anakumbusha, anakumbusha tena. Aprili 1917 ikajulikana kwanini. Harold akakamatwa kwa kughushi hati za fedha za paundi 20,000, akafungwa miezi 18 kazi ngumu.

Kwahiyo 1914 Potter anamwandikia kuhusu paka mwenye maisha mawili mtu ambaye... haya, mnaelewa. Sisemi alijua. Nasema tu mtu ambaye kila akiomba hesabu zake anapewa stori huwa hakimbilii kukaa miezi mezani kumchorea picha mpya.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko 1917 yenyewe. Kampuni inazama, Fruing Warne, ndugu yao Harold na Norman, ameshika usukani, wanahitaji kitabu haraka sana kiwaokoe. Potter anakubali kusaidia. Anatoa nini? Hatoi Kitty, ambayo maneno yake yameshapangwa yanasubiri. Anaingia kwenye makabrasha yake anatoa michoro ya zamani, ya miaka na miaka nyuma, inaunganishwa inakuwa Appley Dapply's Nursery Rhymes. Yani alikuwa na hadithi kamili isiyo na picha, na picha kamili zisizo na kitabu, akachagua picha. Hilo linaniambia kilichokuwa adimu kwake ni nini.

Hapo nilikuwa nimeridhika kabisa na maelezo yangu mpaka nikakumbuka 1918. Mwaka huo alitoa The Tale of Johnny Town-Mouse, na picha mpya. Aisee. Kwahiyo mkono ulikuwepo na macho yalijikaza. Harold hayupo tena, Kitty yuko tayari, na bado akachora panya. Hoja yangu inapata ufa na sitauziba kwa nguvu, labda alishaichoka hadithi, labda paka mwenye bunduki wakati watu wanazika vijana wao kila wiki haikukaa vizuri moyoni. Barua ya 1914 inakwambia alikuwa na hamu nayo wakati ule, haikwambii hamu iliisha lini. Ndo shida ya nyaraka, kuanza kitu kunaacha karatasi, kukiacha hakuachi. Hakuna mtu anaandika barua "leo nimeiacha rasmi hadithi ya paka".

Sasa turudi pale kwenye barua kuongoza njia. Msanii yeyote karatasi zake hugawanyika bila yeye kupanga. Drafti zinabaki kwake, barua alizoandika zinaenda kwa aliyeandikiwa. Kwahiyo nusu ya maongezi iko kwenye makabati ya mchapishaji, na nyumbani kwa msanii unakuta majibu tu, kama mtu anayeongea na simu ukiwa upande mmoja. Mchapishaji akihama ofisi akaamua kupunguza makaratasi, basi, drafti zinakuwa bubu. Za Potter tunazo kwa wingi hivi kwa sababu Warne walitunza, na kwa sababu alikuwepo mtu anaitwa Leslie Linder, mhandisi, sio profesa wa fasihi wala nini, aliyejitwisha kukusanya kila kitu. Ndo huyohuyo aliyefumbua maandishi ya siri ya shajara ya Potter mwaka 1958, baada ya miaka kadhaa ya kuhangaika, kwa kushika namba ya Kirumi XVI na mwaka 1793, akawaza, nani wa kumi na sita aliyepatwa na jambo 1793? Mfalme Louis XVI wa Ufaransa, alikatwa kichwa kwa gilotini. Kutoka hapo herufi zikafunguka. Alipofariki 1973 aliwaachia V&A vitu zaidi ya 2,000.

Na haki za hizo barua ni za nani? Watu wanachanganya sana hapa. Uingereza hili liliamuliwa zamani, 1741, mshairi Alexander Pope alimshtaki muuza vitabu Edmund Curll kwa kuchapa barua zake bila ruhusa. Hakimu akasema aliyepokea barua anamiliki karatasi, ila haki ya kuyachapa maneno inabaki kwa mwandishi. Kwahiyo unaweza ukawa na boksi zima la barua za msanii, ni lako kweli, unaweza kuliuza hata kesho, na bado, haki zikiwa hazijaisha muda, huruhusiwi kuzichapa bila warithi wake. Mi nilishawahi kukaa na folda ya barua za mchoraji mmoja naiona kama kitabu kilichokamilika, kumbe nilichokuwa nacho ni karatasi.

Mwisho kuna uamuzi wa 2016 wenyewe. Maneno yapo, picha moja na nusu, ufanyeje? Wangeweza kutafuta mtu wa kuiga mkono wa Potter, wakafukia pengo, watu wangeshangilia na kununua. Walimpelekea maandishi Quentin Blake, mchoraji wa vitabu vya watoto, mapema 2015, na Blake ukiona mstari wake hata kwa mbali, ule wa kukwaruza na kutetemeka, unajua ni Blake. Wako walionuna kwamba sio Potter huyu. Mi naona ndo njia pekee yenye adabu, kwa sababu hakuna mtoto atakayefungua kile kitabu akadanganywa kuwa Potter alimaliza. Pengo linaonekana. Ningebadilisha kitu kimoja tu, ningeweka nyuma ya kitabu kurasa za yale madaftari mawili zikae sambamba na ile iliyopangwa, watu waone neno gani alilifuta na sentensi gani aliihamisha.

Kuna sehemu kwenye Kitty inanifanya nicheke kila nikiikumbuka. Peter anapita. Yuleyule, na koti la bluu, ila sasa ni mzee kidogo, amenenepa, na mwendo umepungua. Potter hakumuacha abaki kijana. Toka barua ya Dunkeld miaka 21 ilishapita, na Noel, yule mtoto wa kitandani aliyeitunza, alikuwa mwanaume wa miaka 26.